Nta ya Kasian kwenye Injini ya Mwaya

Fundi wa zamani alipokurudishia injini yako, alikuwa amekwisha kusema neno lake juu yake, na neno hilo hakuligeuza kwa sababu wewe umekasirika. Siku hizi unarudishiwa gari mchana, jioni linazimika mlimani, na ukimfuata fundi anakuuliza wewe ulilifanya nini. Sisemi kwamba watu wa zamani hawakukosea. Kasian Kihwele alikosea, na kosa lake ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa kuwa sijamwona mtu mwingine aliyekosea vizuri kama yeye.

Alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Ufundi alijifunza mjini Iringa kwa mzee aliyeitwa Liberatus, katika banda la mabati lililopigwa na upepo wa kilimani mpaka misumari yake ikalegea. Mzee huyo alikuwa na desturi moja. Kila alipomaliza kurekebisha kabureta, aliifunika ile skrubu inayopima petroli kwa nta ya nyuki, kisha akaikandamiza nta kwa ukucha wa dole gumba. Ilipokauka, alama ya ukucha ilibaki. Kila dereva wa barabara ile alijua maana yake: hapa amepita Liberatus, na asiguse mwingine ila Liberatus. Aliyerudi na nta iliyovunjwa alisubiri mpaka wenzake wote wamalize, na pengine aliambiwa atafute fundi mwingine. Lakini kama nta ilikuwa nzima na injini inasumbua, Liberatus aliifanya upya, na kosa lilikuwa lake. Walielewana hivyo, bila karatasi wala shahidi.

Kasian alipopewa ruhusa ya kufanya kazi peke yake aliichukua desturi ile, ila hakutumia ukucha. Baba yake alikuwa tarishi wa boma, na alipokufa aliacha koti zito la kazi lenye vifungo vya shaba. Kasian alikikata kifungo cha juu kabisa, akakitia kamba, akakivaa shingoni pamoja na medali yake ya Bikira Maria. Kifungo hicho kikawa muhuri wake. Koti lenyewe alilivaa miaka yote, kola yake ikiwa imeshikizwa kwa pini. Mkewe, Apolonia, alikuwa akisema kwamba anaona haya kutembea kwenda misa na mume aliyefungwa pini kama nepi ya mtoto. Kasian alimjibu kuwa kifungo kiko kazini.

Alitengeneza malori Iringa. Akaenda Mufindi kwenye pampu za mashamba ya chai. Halafu mwanzoni mwa miaka ya hamsini akahamia Mbeya na kujenga banda lake Ilomba, wakati huo Ilomba ikiwa mahindi mengi na nyumba chache. Zote hizo ni sehemu za juu, za baridi, ambako asubuhi pumzi ya mtu huonekana mdomoni pake. Hata malori yaliyoshuka Kyela kuchukua mchele yalikuja kwake yakilalamikia kupanda. Yalikuwa yakipandisha milima ya Tukuyu huku yakitoa moshi mweusi kama nyumba inayoungua. Kasian aliipunguza petroli kidogo tu kwa bisibisi, moshi ukaisha, akabandika nta, akapiga kifungo. Kwa hiyo injini zote alizopata kuzifahamu ziliishi juu, au zilitamani kufika juu. Nawaomba mnaosoma mlishike hilo.

Huko Mwaya, pwani ya Ziwa Nyasa, wakulima wa mpunga walikuwa na chama chao. Walinunua boti ya mbao, na kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao walinunua injini ya boti, ile inayofungwa nyuma kwa nje, rafadha yake ikizunguka ndani ya maji. Pale ufukweni maji ni mafupi na meli ilitia nanga mbali, hivyo magunia yalikuwa yakipelekwa kwa mitumbwi, siku nzima, migongo ikivunjika. Boti yenye injini ingemaliza kazi hiyo kabla ya jua kuwa kali. Lakini ile injini ilikuwa imelala muda mrefu, na ilihitaji fundi. Mwenyekiti wa chama, Abrahamu Mwaikenda, mtu mrefu aliyetembea na mwavuli mvua na jua, alisimama mkutanoni akasema kwamba kazi hiyo ni ya Kasian wa Mbeya na si ya mwingine. Wengine walitaka fundi wa karibu. Abrahamu aliwashinda kwa maneno, na tangu siku hiyo ile injini ilikuwa kama mkwe aliyemchagua yeye mwenyewe.

Ikaletwa Ilomba juu ya lori, imelazwa kwenye majani makavu ya mgomba. Kasian alikuwa hajawahi kushika injini ya boti. Aliizunguka, akaifungua, akakuta kwamba ndani yake hakuna jambo asilolijua. Akaisafisha, akatia plagi mpya, akaifunga kwenye ubao juu ya pipa la maji na kuiwasha. Mimi nilikuwa jirani yake na nilisimama pale pamoja na nusu ya Ilomba. Maji yalichemka na kuruka nje ya pipa mpaka watoto wakaloa. Kasian aliinama akatega sikio, akageuza skrubu kidogo, akasikiliza, akageuza tena, hadi mlio ukawa mmoja, laini, kama cherehani. Akachomoa plagi: rangi ya kahawia safi, kama ganda la kahawa. Akabandika nta, akapiga kifungo. Hakuna mtu pale aliyekuwa na shaka. Mimi pia sikuwa nayo.

Mwendesha boti aliitwa Jailos. Alikuwa mtu wa mitumbwi tangu utoto, na yule Mzungu ndiye aliyemfundisha kuendesha injini. Shamba lake la mpunga lilikwisha kuliwa na mto; mwaka mmoja mto ulihama, ukapita katikati ya vijaruba vyake na haukurudi. Mtumbwi wake alimpa mdogo wake siku aliyokabidhiwa usukani wa boti, kwa kuwa hakuona haja ya kushika vitu viwili na ndugu hana kitu. Kwa hiyo kazi ile ya usukani ndiyo iliyobaki mkononi mwake. Ikimponyoka, angekuwa kibarua katika mashamba ya watu aliowabebea magunia.

Siku ya meli ya kwanza, boti ilitoka tupu kwenda kuonyeshwa watu, ikaruka juu ya maji, wanawake wakapiga vigelegele. Ikapakiwa magunia. Ikaondoka vizuri, ikapita matete, na Jailos alipovuta moto wote ili iende kasi, injini ikaanza kulegea. Haikuzimika. Ilinguruma chini kwa chini, ikakohoa, ikapoteza nguvu kama mtu aliyebeba mzigo akiwa na njaa. Akiipunguza inapata uhai, akiiongeza inalegea tena. Kwa mwendo wa polepole boti iliyojaa haikuweza kuushinda upepo. Ikasukumwa pembeni, mawimbi yakaingia, magunia ya chini yakaloa, na mitumbwi ileile iliyotakiwa kupumzishwa ikaja kuivuta. Meli ilipiga honi, ikaondoka, na mchele mwingi ukabaki mchangani.

Abrahamu aliinamia injini mbele ya wanachama. Akaona nta. Akaona alama ya kifungo, nzima, haina hata mkwaruzo. Akasema injini ni nzima, mkono ndio mgonjwa. Watu walikubali, kwani walikuwa na hasira na Jailos alikuwa karibu. Akaambiwa kwamba meli ijayo ndiyo ya mwisho kwake. Mambo yakiwa vilevile, usukani atapewa Mika, kijana aliyewahi kuwa utingo wa lori na ambaye tayari alikuwa akiwaeleza watu sokoni jinsi Jailos anavyoibana injini.

Jailos hakubisha. Alimtafuta dereva anayepanda Mbeya, akampa ujumbe kwa Kasian. Hakumwomba aje kutengeneza. Alisema hivi: mwambie aje aone kama nta yake nimeigusa.

Ujumbe huo ulimfikia Kasian akiwa chini ya lori. Alitoka, akanawa mikono, akamwambia Apolonia anashuka Mwaya. Apolonia alitaka kujua nani atamlipa. Kasian akasema mtu hawezi kuitwa kuangalia muhuri wake mwenyewe halafu akatuma salamu. Leo nikimweleza fundi jambo hilo, ananitazama kama nimemsimulia habari za sungura na fisi.

Alishuka juu ya mzigo wa lori akiwa na koti lake, na kwa kuwa alikuwa mkaidi hakulivua hata walipoiacha baridi ya Tukuyu, wakaipita migomba na kuingia katika joto la chini ambako hewa inakaa juu ya mtu kama blanketi lililoloa. Alifika kwa Jailos akiwa anatiririka jasho. Damari, mke wa Jailos, alikuwa akipepeta mchele uani. Alimtazama toka juu hadi chini kabla ya kumsalimu.

“Ndaga, baba. Hilo koti umeagizwa, au unalitembeza lione ziwa?”

“Ndaga, mama. Ni la marehemu baba.”

“Basi marehemu alikuwa na baridi nyingi. Livue, baba, tulitundike pale. Halitaibiwa. Huku hakuna mwizi mwenye haja nalo.”

Jailos, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, alicheka. Kasian naye alitabasamu, akalivua. Damari akaiona ile pini kwenye kola, kisha akakiona kifungo kinachoning'inia kifuani pake, na utani ukamwishia. Akakitazama kifungo kile muda mrefu. Halafu akasema kwa utaratibu kwamba mume wake amekuwa akiifuta injini ile kila siku kwa kitambaa, na akifika kwenye nta anapitisha kitambaa pembeni, kama anafuta karibu na jicho la mtoto.

Asubuhi walikwenda ufukweni. Meli ilikuwa inatazamiwa kesho yake. Abrahamu alikuwapo na mwavuli wake, na wanachama kadhaa, na Mika aliyekuwa amevaa viatu. Kasian aliinama akaitazama nta. Akasema kwa sauti yake ndogo, ila wote walisikia, kwamba nta haijaguswa. Abrahamu akaitikia kwa kichwa, kwani kwake hilo lilithibitisha alichosema. Akaagiza boti ijazwe magunia ya mchanga badala ya mchele, ili fundi aone mwenyewe jinsi mtu anavyoweza kuiharibu kazi nzuri.

Wakatoka wawili tu, Jailos kwenye usukani, Kasian akikaa juu ya gunia karibu na injini. Kasian hakujua kuogelea na alishika ubao kwa mikono miwili mpaka walipopita matete. Jailos akavuta moto. Injini ikapanda, ikashika, na kabla ya kufika kwenye maji ya buluu ikaanza kulegea, vilevile kama ilivyoelezwa. Kasian alisahau ziwa.

Alimwambia azime. Boti ikiwa inayumba, aliinua injini na kuangalia rafadha, kama majani ya ziwani yameisonga au pini yake imekatika ikawa inazunguka bure. Ilikuwa safi na imara. Akauliza kuhusu petroli. Jailos alikuwa akiichuja kwa kitambaa kizito na kuichanganya na oili kwa kipimo kilekile cha Mzungu. Kasian akamimina kidogo kwenye kiganja, akainusa, akaiacha ikauke, hapakubaki maji wala taka. Akaangalia kifuniko cha tangi, kwani kitundu cha hewa kikiziba petroli hukataa kushuka. Kilikuwa wazi. Akapuliza bomba. Likapuliza vizuri. Akatazama kama maji ya kupoza injini yanatoka, yalikuwa yanatoka. Kila jambo aliloliuliza, Jailos alikuwa amelifanya, na alijibu bila kujitetea, kama mtu anayejibu maswali ya daktari juu ya mtoto wa mwingine.

Mwisho Kasian alichomoa plagi. Aliishika kwenye mwanga. Ile rangi ya ganda la kahawa haikuwapo tena. Ilikuwa nyeupe, kavu, kama majivu.

Akairudisha, akamwambia Jailos awashe na kuvuta moto wote. Injini ilipoanza tu kulegea, Kasian alinyoosha mkono na kuziba nusu ya mdomo wa kabureta kwa kiganja, kuipunguzia hewa. Injini ikashtuka, ikashika, ikaivuta boti na mchanga wake wote mpaka pua ikainuka. Akaondoa kiganja. Ikalegea. Akakirudisha. Ikavuta. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara ikajibu vilevile. Jailos alikuwa anatazama ule mkono.

“Zima,” Kasian alisema.

Ukimya ulipokuja, alikaa na kuutazama mlima uliokuwa nyuma yao, ukipanda na kupanda kuelekea alikotoka. Kisha akamweleza. Kule Mbeya hewa ni nyepesi, na injini ikivuta pumzi inapata hewa kidogo, basi unaipimia petroli kidogo, vinalingana, moshi hakuna. Huku chini hewa ni nzito. Injini ileile, pumzi ileile, inapata hewa nyingi, na petroli ni ileile kidogo ya mlimani. Ikienda polepole haioni njaa, kwa kuwa inakula kwa njia nyingine ndogo. Ikibebeshwa mzigo na kuambiwa ikimbie, ndipo inapoishiwa. Na pipa la maji halina mzigo wala upepo. Aliipima juu ya pipa, kule mlimani, akaifunga, akaituma hapa.

“Yaani haikuwa mimi,” Jailos alisema.

“Haikuwa wewe. Uliona ikishika nilipoziba kwa mkono. Wewe hukujaribu hata siku moja kuigeuza ile skrubu?”

“Ina kifungo chako.”

“Umekaribia kufukuzwa kazi, Jailos. Bisibisi unayo.”

“Ninayo.” Jailos alitazama mikono yake. “Lakini ningevunja nta halafu ikapona, wangesema niliivunja mapema, ndiyo maana iliugua. Na ningevunja nta nisiseme, ningekuwa nimekudanganya wewe. Nikaona heri uje.”

Walirudi polepole. Kasian alijua kwamba mambo mawili yanawezekana. Angeweza kukiri, au angeweza kuichukua injini hadi kivulini, akawafukuza watu, akaigeuza skrubu, akabandika nta mpya na kusema kuwa palikuwa na taka. Ingefanya kazi, na jina lake lingebaki mahali lilipokuwa, kuanzia Iringa hadi ziwani. Taka ya petroli ni kosa la mwendeshaji, siku zote.

Abrahamu alikuwa ameliona hilo kabla yake. Mkono ulipotolewa mdomoni mwa kabureta na kurudishwa, mtu mwerevu aliyesimama ufukweni aliweza kusikia ni nini kinatokea. Akamvuta Kasian kando, chini ya mwavuli, akazungumza naye kwa heshima. Jailos alinieleza baadaye, kwani alikuwa akifunga kamba karibu na aliyasikia yote.

“Fundi,” Abrahamu alisema, “mimi ndiye niliyewaambia hawa watu habari zako. Sema ilikuwa petroli chafu. Jailos tutamwonya tu, usukani abaki nao. Nakuahidi. Wewe na mimi tutabaki na nyuso zetu, naye atabaki na kazi yake.”

Haikuwa hila mbaya. Mimi nimeona viongozi waliofanya mabaya kuliko hayo kwa faida ndogo zaidi. Kasian aliwaza, na Jailos anasema aliwaza kwa kweli, akikishika kile kifungo kifuani.

“Atabaki na kazi, mzee,” alijibu, “lakini atabaki nayo kama mtu aliyesamehewa. Kila injini itakapokohoa, watasema ni yeye tena. Na yeye ndiye mtu pekee hapa aliyeuheshimu muhuri wangu kuliko mimi mwenyewe.”

Akarudi kwenye boti. Akawaita wanachama wasogee, na Mika pia, akamwambia hasa Mika asogee karibu. Akaitisha bisibisi ya Jailos. Akaivunja nta mbele yao, vipande vikaanguka majini vikaelea. Akasema kwamba injini hii iliugua tangu ilipotoka mikononi mwake, kwamba aliipima kwa hewa ya Mbeya akasahau kuwa itaishi Mwaya, kwamba petroli ilikuwa safi, mkono ulikuwa mzuri, na kosa ni la mtu aliyepiga kifungo. Hakuongeza maneno. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa utani kama basi hewa nayo inauzwa kwa kilo huko milimani, watu wakacheka, na Kasian akakubali kwamba inaelekea ni hivyo.

Alifungua skrubu robo ya mzunguko. Wakatoka tena na mchanga wote, na injini ilipolemewa alifungua kidogo zaidi, mpaka ikapita matete, ikapita maji ya buluu, ikazunguka pale meli inapotia nanga na kurudi bila kulegea. Kisha alimfanya Jailos ashike bisibisi mwenyewe, asikilize, ageuze, asikilize. Damari alikuwa amefika na sahani kichwani, akasimama hadi magotini ndani ya maji kuwasubiri.

Kabla ya kuondoka Jailos alimletea nta, kipande kikubwa cha manjano alichokitafuta kijijini asubuhi hiyohiyo, ili Kasian aifunge tena. Kasian alikishika, akakinusa, akamrudishia. Alisema mvua zikianza hewa itabadilika, na baridi ya mwezi wa saba nayo, na yeye hatakuwapo. Anayekaa na injini ndiye anayepaswa kujua inakula nini.

Kesho yake meli ilikuja. Magunia yote yalifika. Jailos aliushika usukani ule miaka mingi, mpaka boti yenyewe ilipooza, na hakuna mtu aliyemwita mkono mgonjwa tena. Naye Abrahamu, niseme kwa haki, ndiye aliyekuwa akisimulia kisa kile zaidi ya wengine, na katika masimulizi yake yale maneno ya chini ya mwavuli hayakuwapo.

Lakini habari hupanda mlima haraka kuliko malori. Huko barabarani kisa kilibadilika. Madereva hawakusimulia juu ya mtu aliyekiri mbele ya watu. Walisimulia kwamba hata nta ya Kasian inaweza kuwa na kosa, na kwamba yeye mwenyewe amesema mwenye injini ageuze skrubu yake. Wakaanza kuja Ilomba na nta zilizovunjwa, kila mmoja na bisibisi yake mfukoni na maarifa yake kichwani, injini zinatoa moshi au zimeungua, wakidai kwamba hivyo ndivyo alivyomfundisha mtu wa Mwaya. Kasian hakuwafukuza. Wala hakuwasubirisha mpaka wenzao wamalize, kama alivyofanya Liberatus. Angewaambia nini? Alichomfundisha Jailos kilikuwa cha Jailos, aliyepitisha kitambaa pembeni ya nta, na hawa wengine walichukua ruhusa wakaiacha heshima. Tangu wakati huo kila mtu ni fundi, na magari yamelala kando ya barabara kutoka Mafinga hadi Uyole.

Siku moja ya Jumapili nilipita kwao asubuhi kuwasindikiza kanisani, ingawa mimi ni Mlutheri na tungeachana njiani. Apolonia alikuwa amekaa kizingitini na sindano, akimalizia uzi. Alikuwa amekishona kile kifungo, ambacho hakikuwa na kazi tena, mahali pake pa zamani. Akaung'ata uzi, akampa mumewe koti, naye akalivaa, akalifunga mpaka shingoni na kugeuza kichwa huku na huku kama mtu aliyevalishwa kitu kipya. Shaba ya kifungo kile ilikuwa imelika kwa kupigwa kwenye nta, iling'aa kuliko vyote vilivyokuwa chini yake. Apolonia akasema sasa anaweza kutembea naye. Akachukua kitabu chake cha sala, wakatangulia.